Sahani ya Mama Jihun

Moraa,

Umetoka saa tano kwenda Plano kuwaaga wenzako, na mlangoni ukaniambia, "I'll eat there, Mum." Ukifika kwa rafiki yako Faith utamwambia umeshakula kwa mama. Usinibishie. Faith mwenyewe alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza kama kweli siku hizi ninakupikia kiasi hicho, maana kila ukienda kwao umeshiba.

Nakuandikia mchana huu, nyumba ikiwa kimya na baba yako akiwa barabarani na lori lake, kwa sababu tukiwa uso kwa uso mambo hayaendi. Naanza kwa upole, unajibu kwa Kiingereza, sauti yangu inapanda, unaingia chumbani na kufunga mlango. Kwa Kiingereza utanishinda mpaka kesho kutwa. Basi nimeandika kwa Kiswahili cha Nakuru nilichokulea nacho, na nitaiingiza barua hii kwenye mkoba wako uisome ukiwa ndani ya ndege, ambamo hakuna chumba cha kwenda kujifungia.

Mambo ya sweta na pasipoti na nani wa kumpigia ukipotea siyaandiki. Una miaka ishirini na miwili na hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kuongea juu ya chakula. Tayari nakuona umekunja uso. Kunja, halafu endelea kusoma.

Kwanza niseme kwamba nimechoka. Nimechoka na kale kamizani ulikokaweka karibu na jiko, ka kupimia wali. Mimi ni nesi, nimepima dawa za watoto wachanga, na sijawahi kuinama juu ya mizani kwa wasiwasi kama wako. Nimechoka kuinua kifuniko cha pipa la taka na kukuta chapati niliyokuwekea imekunjwa kwenye karatasi, ikawekwa chini kabisa, ikafunikwa na maganda ya vitunguu. Mtu asiyetaka chapati husema sitaki. Wewe unaizika.

Lakini kilichonimaliza ni ulichosema Jumapili. Tulikuwa tunatoka kanisani, nikakuuliza, kwa sababu kunyamaza sijui, huko Korea utakula nini. Ukageukia dirisha la gari.

"Mum, huko nita-fit in. Everybody eats small. Hakuna mtu atanisumbua."

Niliendesha gari mpaka hapa Grand Prairie bila kusema neno, na unanijua, hiyo si kawaida yangu. Kati ya nchi zote zinazotafuta walimu wa Kiingereza, umechagua nchi ambayo wewe unaamini watu wake hawali, na umeichagua kwa sababu hiyo. Nilitaka kusimamisha gari katikati ya barabara.

Kisha nilipofika nyumbani nikakaa kwenye gari peke yangu nikajiuliza imani hiyo uliitoa wapi. Si kwenye zile tamthilia zako za Kikorea pekee. Hizo ulianza kutazama ukiwa shule ya upili. Imani hiyo ulikuwa nayo kabla, na aliyekupa ni mimi. Nilikupa ukiwa na miaka kumi na mmoja, kisha nikagundua nimekosea, na sikukuambia. Ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu ya hasira yangu. Nusu yake si yako.

Unalikumbuka lile duka la nywele la Carrollton. Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili Texas. Vyeti vyangu vya unesi vya Kenya vilikuwa mikononi mwa watu nisiowajua, wakivisoma polepole, na mimi nikawa nauza nywele za kusuka na mafuta ya kichwa. Wateja karibu wote walikuwa dada zetu weusi, wenye duka ni mke na mume kutoka Korea, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama katikati na kuwaambia hawa kwamba wale hawajakasirika, ndivyo wanavyoongea.

Mke tulimwita Mama Jihun, kwa jina la mwanawe, kwa kuwa hata kwao mwanamke akishazaa huitwa hivyo. Na mimi toka wiki ya kwanza aliniita Mama Moraa. Huwezi kujua nilivyosikia raha. Nchi nzima ilikuwa ikiniita kwa jina la kwenye pasipoti, jina ambalo hata mama yangu hakulitumia, halafu mwanamke wa Korea ananiita kama jirani yangu wa Nakuru. Nilimpenda, na ukimpenda mtu unaanza kumtazama.

Alikuwa mwembamba sana. Miaka hamsini na kitu, na kiuno cha msichana. Saa saba mchana tulikula nyuma ya duka, kwenye meza ya kukunja katikati ya maboksi ya wigi. Asubuhi hakusema "habari yako", alisema "umekula", na ukijibu ndiyo hakuamini. Mezani kulikuwa na vibakuli vingi vidogo: kimchi, ile kabichi yao iliyochacha na pilipili, mchicha uliotiwa ufuta, visamaki vikavu vya kutafuna kama omena, mayai, na supu na wali kwa kila mtu. Mume wake alikula mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mimi nilikula. Yeye alijiwekea wali vijiko vitatu, akanywa supu kwa kuonja, akatafuna kila kitu muda mrefu mno, akaweka kijiko chini. Siku ya pili vivyo hivyo. Mwezi mzima vivyo hivyo.

Nikasema moyoni, kumbe siri yao ni hii. Vijiko vitatu.

Ona ujinga wangu. Mume wake aliongeza bakuli la pili mbele ya macho yangu kila siku. Jihun alikuja kutoka shule akala tambi za supu na yai, akamwaga wali kwenye mchuzi uliobaki, akala tena. Mama mkwe wa Mama Jihun akitembelea duka alinisukumia vyakula mpaka nikaona haya. Wote hao nilikuwa nawaona, na wote sikuwahesabu kuwa Wakorea. Mkorea kwangu alikuwa mmoja tu, yule ambaye sahani yake nilikuwa naitamani. Nikaenda kanisani nikawatangazia akina mama kwamba nimegundua kwa nini Wakorea hawanenepi. Nilitangaza kwa miezi.

Sasa tuje Houston.

Shangazi yako Nyaboke wa Missouri City, kando ya Houston, alikuwa anaolewa na alitaka wasichana sita wa kumsindikiza, wote kitenge kimoja, wote mshono mmoja. Fundi alikuwa mama mmoja wa huko huko, na aliomba vipimo vitumwe kwenye kundi la simu la harusi. Si kwake binafsi. Kwenye kundi, ambamo kila shangazi na kila rafiki wa shangazi anasoma. Vipimo vya binamu zako vilikuwa vimeshatumwa, vimepangwa kimoja chini ya kingine.

Na wiki chache kabla, kwenye mkutano wa kupanga hiyo harusi, walikuwa wamekutazama ukipita na soda mkononi wakacheka. "Mama Moraa, huyu America imemkubali kabisa." Unajua maneno hayo. Nyumbani Kenya ukiambiwa umenona unashukuru, maana yake unatunzwa. Mimi mwenyewe mwaka wetu wa kwanza hapa nilikulisha makusudi ili picha nitakazomtumia nyanya yako zionyeshe mashavu. Lakini midomo ile ile ikishakaa Texas miaka kumi inasema neno lile lile kwa maana nyingine, na macho yanashuka mpaka tumboni. Nilicheka nao. Nilicheka nao, Moraa, na wewe ulikuwa umesimama pale na soda yako.

Kwa hiyo nilikusimamisha jikoni, ukainua mikono, nikakuzungushia utepe wa kupimia. Ulikuwa unacheka kwa sababu unakutekenya. Nikasoma kiuno. Nikachukua simu, nikaandika inchi nne pungufu, nikatuma kwenye kundi. Nilijiambia harusi bado wiki saba, mtoto atapungua. Sikumdanganya fundi tu. Nilikuwa nimeshakata gauni, na sasa ilikuwa lazima wewe uingie ndani yake.

Wiki saba nilikupakulia sahani ya Mama Jihun. Vijiko vitatu vya wali, supu ya kabichi, basi. Chapati niliacha kupika nyumba nzima, baba yako akawa ananuna. Nilikuambia hivi ndivyo wanavyokula Wakorea, ndiyo maana ni wazuri. Ukaniuliza, "Hata Jihun?" Nikasema hata Jihun. Wiki ya tatu ulikuja jikoni umeshika tumbo ukaniambia linauma, nikakupa maji ya moto yenye ndimu nikakuambia ukalale litatulia. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka, na kila mgonjwa akiniambia tumbo linauma nakumbuka tena.

Halafu ile asubuhi Missouri City. Chumba kimejaa wanawake, pasi inatoa mvuke, wasichana watano wameshavaa. Nilikuvika gauni, nikashika zipu, na nikajua kwamba sasa aibu yangu inatoka hadharani.

Zipu ilipanda. Ilipanda mpaka juu bila kukwama hata mara moja. Fundi akasema vipimo vyake vilikuwa sawa sawa, na shangazi zako wakapiga vigelegele.

Ingekataa, mwanangu, ningeaibika siku moja tukamaliza. Badala yake nilikushika mashavu nikakusifu mbele ya watu wote. Nilikusifu kuliko ulipozoea Kiingereza cha hapa kwa muhula mmoja ukaanza kutusemea kliniki. Nilikusifu kuliko ulipoongoza darasa. Uliniangalia usoni wakati nasema, na nikaona umeelewa kitu, na nikadhani umeelewa kwamba unapendeza. Kwenye karamu ulikaa na sahani ya pilau mapajani muda wote wa hotuba, hukuigusa. Nikamwambia mama aliyekaa karibu nami, huyu mtoto ana nidhamu.

Jumanne nilirudi dukani na picha kwenye simu. Wakati wa chakula nikamwonyesha Mama Jihun, nikamwambia asante, nimemfundisha mwanangu kula kwa njia yenu na tazama alivyotokea. Akauliza njia gani. Nikachota wali vijiko vitatu, nikaweka kijiko chini kama anavyoweka yeye, nikacheka.

Hakucheka. Alirudisha simu yangu mezani, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatika, "Mama Moraa, mimi sina tumbo."

Nilidhani Kiingereza kimemshinda. Akasimama, akainua blauzi yake pale pale kati ya maboksi. Kovu lilianzia chini ya kifua likashuka mpaka kwenye kitovu. Alikuwa na kansa ya tumbo kabla hawajaja Texas, na madaktari wa kwao waliliondoa karibu lote. Alikula vijiko vitatu kwa sababu cha nne kilimrudi. Alitafuna vile kwa sababu hakuwa na mahali pa kusagia chakula. Akanyoosha kidole kwenye bakuli langu.

"Kila siku natazama wewe kula. Mimi naona wivu. Mtoto wako ana tumbo. Kwa nini wewe lisha yeye chakula ya mgonjwa?"

Siku mbili hakuniuliza kama nimekula, na kwa yule mama hiyo ilikuwa sawa na kunifukuza. Siku ya tatu alinipa chombo kizito kimefungwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na supu ya mwani na nyama na wali wa kumtosha mwanaume, akasema ni ya Moraa. Nikakuletea, nikakufungulia mezani. Ukatazama ukasema, "I'm full, Mum." Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na najua hukuwa umekula tangu shuleni.

Hapo ndipo ningekuambia. Nilikuwa na kila neno mdomoni: nilidanganya vipimo, nilidanganya juu ya Jihun, yule mama ni mgonjwa, kula. Nilichofanya ni kumpa baba yako ile supu. Ukitaka kujua kwa nini, sababu ni ndogo hata kuiandika naona haya. Jumapili iliyotangulia akina mama watatu walikuwa wameniuliza nimefanyaje mpaka mtoto akapendeza hivyo, na nilikuwa nimefurahi. Nilipenda kusifiwa. Nilisema nitakuambia baadaye, ukipungua kidogo tena, ukikua kidogo. Vyeti vyangu vikakubaliwa, nikaenda hospitali, Mama Jihun na mumewe wakauza duka wakahamia kwa ndugu zao. Hakuna aliyebaki wa kuniuliza.

Na wewe ukaendelea. Mimi nikaendelea kuita nidhamu.

Mwezi wa tatu mwaka huu ulipoanguka kwenye kituo cha mafuta, nilifika chumba cha dharura kabla ya baba yako. Nesi, msichana wa umri wako, aliniuliza swali ambalo mimi nauliza kila zamu: mgonjwa anakula vipi nyumbani. Nikasema anakula vizuri. Ulikuwa umelala pale na sindano mkononi, umefumbua macho, umenisikia. Ukanitazama. Nafikiri ulinishukuru. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba ulinishukuru kwa kukudanganyia.

Daktari alikupa mshauri wa kuongea naye, ukaenda mara mbili ukasema hana jipya. Mimi nami sikukusukuma, kwa sababu nilijua ukiendelea kuongea utafika jikoni kwangu na ule utepe. Huyo mshauri anaongea na watu hata kwa simu ya video, nimemuuliza. Rudi kwake. Mwambie yote, na jina langu ulitaje.

Sasa huko Korea. Nchi yenyewe siijui, sijawahi kuikanyaga, na siwezi kukuambia Wakorea wakoje. Namjua mwanamke mmoja na wali wake, na huyo nilimwelewa vibaya. Lakini nilikula mezani kwao miaka miwili, kwa hiyo nikuambie kidogo, na uache kunipigia hadithi kwamba hakuna atakayekusumbua. Watakusumbua. Watakuuliza umekula kabla hujavua viatu. Utakaa mezani na watu sita, sufuria moja katikati, mkubwa atainua kijiko na wote watainua, na wewe na kamizani kako hamtakuwa na pa kujificha. Halafu yule yule aliyekujazia bakuli atakuambia usoni kwamba umenenepa. Yule mama mkwe aliniambia hivyo siku ya kwanza kuniona, mkono wake ukiwa bado unanisukumia samaki. Nilikasirika wiki nzima, mpaka nikakumbuka shangazi zako.

Kwenye maduka ya huko utakuta nguo za saizi moja na haitakuwa saizi yako. Utakuta wasichana wanaokula nusu ya tofaa na kusema wameshiba, na utafikiri umefika nyumbani. Hao si desturi ya nchi. Hao ni wagonjwa kama wewe, na kila mmoja ana mama mahali fulani anayefukua pipa la taka. Ukiona hivyo ukawafuata, usije ukaniambia ndivyo wanavyokula Wakorea. Maneno hayo ni yangu, niliyatunga mimi, na nayachukua.

Sijui kama unanisamehe na sikuombi uamue ndani ya ndege. Hata ukikasirika nitafurahi. Miaka yote hii umekuwa ukinikasirikia kwa kukuuliza umekula, na hilo halikuwa kosa langu. Kosa langu ni vipimo. Kasirikia vipimo.

Kuna jambo moja limebaki, na hili hata baba yako halijui. Baada ya ile harusi nilianza kujipakulia kidogo mbele yako. Nilifikiri ukiniona nakula sana utaona sina haki ya kukuzuia. Basi nakaa mezani na kipande cha kuku na majani, nasema nimetosheka, naondoka kwenda kazini. Njiani nanunua chipsi na baga, nasimama nyuma ya maghala fulani, nakula ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, haraka haraka, halafu napangusa makombo kwenye sare kabla sijaingia zamu. Mwanamke mzima. Miaka kumi na mmoja. Wewe unaficha kwamba huli na mimi naficha kwamba nakula, na kila mmoja wetu anamwona mwenzake kuwa na nidhamu.

Sitaki tena. Ukinipigia simu kutoka huko sitakuuliza umekula. Nitakuambia mimi nimekula nini, na kiasi gani, na nilikula na nani. Ukitaka kuniambia wewe, nitasikiliza. Usipotaka, tutaongea mambo mengine.

Na kuhusu kesho asubuhi, siku yako ya kuondoka. Ukiwa unasoma hapa, asubuhi hiyo itakuwa imeshapita, kwa hiyo nakueleza ulichokiona. Nitakuwa nimeamka nikapika chapati na mayai na mboga ya managu, nikakaa pale mezani asubuhi kweupe, mgongo kwa dirisha, nikajipakulia sahani iliyojaa. Nitakuwa nimekula taratibu mpaka nikashiba, wewe ukiwa unapita na masanduku. Utakuwa umejiuliza mama ana nini leo, mbona hasemi. Sikukupakulia, na haikuwa kukususa. Miaka yote hii hujaniona nikishiba, nikaona usiondoke kwangu bila kuliona hilo.

Sasa hivi ninapoandika bado ni mchana wa leo na sijui ulifanya nini. Labda ulipita tu. Labda ulivuta kiti ukakaa na chai yako. Kama ulikata kipande cha chapati kwenye sahani yangu, nilikiona, na nilijikaza nisiseme neno, na ujue hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Texas.

Mama yako